Kesi ya Nyani, Hakimu Ngedere: Uongozi na Utatuzi wa Migogoro katika Mashamba ya Majanichai

Wahenga walinena kuwa vikombe vikaapo kabatini havikosi kugongana. Panapo watu wawili wafanyao kazi pamoja pana mgogoro, ama ulio wazi ama uliofunikwa, na hilo si jambo la kustaajabisha. Linalostahili kutustaajabisha ni jinsi mgogoro mdogo, ambao ungeweza kumalizwa asubuhi moja kando ya mzani wa majanichai, unavyopanda ngazi baada ya ngazi hadi ukafika mahakamani Kericho, ukavuka bahari ukafika London na Edinburgh, na huko nako usipate ufumbuzi. Makala haya yananuia kutoa maoni kuhusu jambo hilo kwa kuyaangazia mashamba makubwa ya majanichai katika kaunti za Kericho na Bomet. Naona kwamba viongozi wa mashamba hayo, wawe wa kampuni au wa chama cha wafanyakazi, hawajakosa sheria wala semina za usuluhishi. Wanachokosa ni mlango wa kwanza. Mfanyakazi wa ngazi ya chini hana pa kulipitishia lalamiko lake ila mikononi mwa yule yule anayemlalamikia.

Mwanafunzi yeyote aliyewahi kupita katika somo la uongozi na usimamizi atawakumbuka Wamarekani wawili, Kenneth Thomas na Ralph Kilmann, ambao mwaka wa 1974 walitoa chombo cha kupimia namna watu wanavyoikabili migogoro. Njia zao ni tano: kushindana, kukwepa, kukubali yaishe, kukutana katikati na kushirikiana. Nadharia hii imeenea hadi kwenye semina za mameneja wetu, na si nadharia mbaya. Kasoro yake ni kuwa inawadhania watu wawili walioketi mezani, kila mmoja akiwa na uwezo wa kusema ndiyo au la. Hebu tumtazame mwanamke aliyeajiriwa kwa kandarasi ya msimu, ambaye anatarajia kandarasi hiyo ifanywe upya mwezi ujao. Mbele ya msimamizi wake ana njia ngapi katika hizo tano? Ana mbili tu, kukwepa na kukubali yaishe. Zile tatu nyingine ni mali ya mkubwa wake.

Ili tuelewe jinsi mambo yalivyofika hapo, hatuna budi kutupa jicho nyuma. Kilimo cha majanichai cha kampuni kubwa kilianza Kericho katikati ya miaka ya 1920, pale Brooke Bond na kampuni ya James Finlay, ambazo tayari zilikuwa na uzoefu wa India na Ceylon, zilipopata ardhi katika nyanda za juu za Wakipsigis. Kazi iliandaliwa kwa ngazi: meneja juu, wasimamizi kati, wachunaji chini. Wafanyakazi walitoka Kisii, Nyanza na Magharibi pamoja na Wakipsigis wenyewe, wakapewa makao katika nyumba za kampuni zilizojulikana kama laini, na lugha waliyokutania ikawa Kiswahili. Tangu hapo majina ya wenye mali yamebadilika. Brooke Bond ikawa Unilever. Mwaka wa 2022 Unilever ikauza biashara yake ya chai, nayo mashamba yakaitwa Ekaterra na baadaye Lipton. Kisha mnamo 2023 na 2024 zikatangazwa habari za mashamba ya James Finlay na ya Lipton kuuziwa kampuni ya Browns Investments ya Sri Lanka. Kibao langoni kimepakwa rangi mpya mara nyingi. Ngazi ya ndani ni ile ile.

Katika ngazi hiyo yupo mtu mmoja ambaye vitabu vya uongozi havimtaji, naye ni mnyapara. Siku hizi barua za ofisini humwita msimamizi wa kikundi, lakini mashambani jina la zamani halijafa. Sisi wapenzi wa Kiswahili tunapaswa kulitafakari neno hili. Lilikuja na misafara ya karne ya 19, iliyobeba pembe na bidhaa kutoka bara hadi pwani. Wapagazi Wanyamwezi waliongozwa na wanyampara, watu waliowatoka miongoni mwao wenyewe, na ambao ndio waliozungumza na mwenye msafara kwa niaba ya wenzao. Asili ya neno lenyewe, katika lugha za Wanyamwezi na jirani zao Wasukuma, inahusiana na uzee na hekima. Kwa hivyo mnyampara alikuwa mzee wa wapagazi. Ukaja ukoloni, ukaja na mashamba na magereza, na neno likageuka uso: mnyapara akawa mtu wa mwenye mali anayewasimamia wafanyakazi. Sauti iliyokuwa ikitoka chini kwenda juu sasa ikawa ya kutoka juu kwenda chini peke yake. Sidhani kuna neno jingine katika lugha yetu linaloisimulia historia ya kazi ya Afrika Mashariki kwa ufupi kiasi hicho, labda ila kipande.

Tuyatazame mamlaka ya mtu huyu. Ndiye anayeamua ni nani atachuna katika sehemu yenye majani mengi na nani atapelekwa kwenye mteremko. Ndiye anayesimama karibu na mzani. Ndiye anayeulizwa ikiwa fulani ni mwenye bidii au mvivu wakati kandarasi za msimu zinapokwisha. Mara nyingi neno lake lina uzito hata katika ugawaji wa nyumba. Akikosana na mchunaji, meneja atamtaka nani maelezo? Atamtaka mnyapara. Kesi ya nyani, hakimu ngedere. Nisieleweke vibaya: wapo wanyapara waadilifu ambao wachunaji huwalilia wanapohamishwa. Lakini mfumo unaotegemea wema wa mtu mmoja si mfumo. Ni bahati nasibu.

Mwezi wa Februari 2023 matokeo ya bahati nasibu hiyo yaliwekwa hadharani. Shirika la utangazaji la Uingereza, BBC, lilitoa filamu ya uchunguzi iliyoonyesha jinsi wanawake katika mashamba yaliyomilikiwa kwa miaka mingi na Unilever na James Finlay walivyotakiwa kutoa miili yao ili wapate kazi au waibakize. Zaidi ya wanawake 70 walizungumza na waandishi hao. Kampuni zilieleza kushtushwa, baadhi ya wasimamizi wakasimamishwa kazi, na vyombo vya habari vikaandika sana kwa majuma kadhaa. Jambo ambalo kwa maoni yangu halikutiliwa maanani ya kutosha ni kwamba Unilever ilikuwa imekwisha kukabiliwa na tuhuma za aina hiyo zaidi ya miaka 10 awali, na ilikuwa imetangaza kutovumilia uovu huo hata kidogo na kuanzisha utaratibu wa kuripoti. Utaratibu ulikuwapo, tena kwa maandishi. Sheria nayo ilikuwapo: kifungu cha 6 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi atoe taarifa ya sera dhidi ya unyanyasaji wa kingono, baada ya kushauriana na wafanyakazi, na aifikishe kwa kila mmoja wao.

Kwa nini basi karatasi hizo hazikuwafaa wanawake wale? Kwa sababu kiongozi aliyeziandika alijishughulisha na ngazi ya juu ya malalamiko, yaani nani atapokea ripoti ofisini, pasipo kujiuliza ripoti itafikaje ofisini. Mchunaji anayetaka kuondoka shambani saa nne asubuhi kwenda kwa afisa wa maslahi ya wafanyakazi sharti aombe ruhusa. Anaiomba kwa nani? Na akirudi, kilo zake za siku hiyo zitakuwa pungufu, na upungufu huo ataulizwa na nani? Anayejua majibu ya maswali haya mawili hahitaji kuambiwa kwa nini kimya kilitawala miaka yote hiyo. Wapo watakaosema kwamba wawakilishi wa chama cha wafanyakazi wako mashambani kwa kazi hiyo hiyo. Ni kweli, na wengi wao ni watu majasiri. Ila mwakilishi huyo naye ni mchunaji; naye hupangiwa sehemu na mnyapara, na mizani yake husomwa palepale.

Kwa hivyo hatua ya kwanza kwa kiongozi anayetaka kweli kutatua migogoro si kujifunza maneno matamu ya upatanisho. Ni kumpunguzia mnyapara mamlaka. Anayesimamia kazi asiwe ndiye anayepima, wala ndiye anayependekeza kandarasi zifanywe upya. Sehemu za kuchuna zigawanywe kwa zamu inayojulikana na kubandikwa. Hatua hizi hazina mvuto wa semina ya hotelini, na huenda ndiyo sababu hazizungumzwi, lakini mtu asiyeweza kukunyima riziki huwezi kumwogopa kiasi cha kunyamaza.

Suala la pili ni la wakati. Viongozi wetu wana mazoea ya kuzungumza na wafanyakazi baada ya uamuzi kufanywa, kisha wakayaita mazungumzo hayo mashauriano. Hakuna mfano ulio bayana zaidi kuliko mashine za kuchuna majanichai. Mnamo Oktoba 2010 Chama cha Wafanyakazi wa Mashamba na Kilimo nchini kiliitisha mgomo kupinga mashine hizo. Zaidi ya mwongo mmoja baadaye, Mei 2023, waandamanaji waliziteketeza mashine kadhaa katika mashamba ya Ekaterra huko Kericho, wakakabiliana na polisi, na maisha yakapotea. Miezi miwili tu kabla ya moto huo, jopo lililoundwa katika Kaunti ya Kericho lilikuwa limependekeza kiwango: asilimia 60 ya majani ivunwe kwa mashine na asilimia 40 kwa mikono. Mmoja wa wanajopo hao alikadiria kuwa ajira 30,000 zilikuwa zimepotea katika kaunti hiyo kwa miaka 10 kutokana na mashine.

Simtetei aliyewasha kiberiti. Mali iliyochomwa haikumrudishia mchunaji yeyote kazi, na waliopoteza maisha hawakurudi kwao. Hata hivyo yafaa tujiulize kwa nini pendekezo la uwiano wa 60 kwa 40 lilikuja mwaka wa 2023 na si kabla ya mashine ya kwanza kushushwa bandarini. Kampuni zina hoja zao, na si hoja za kupuuzwa. Gharama ya mikono imepanda huku bei ya chai katika mnada wa Mombasa ikiyumba, na jani lililochunwa haliwezi kungoja mkutano: lisipofika kiwandani siku hiyo hiyo huharibika. Lakini mashine si jani. Mashine huagizwa miezi mingi kabla, hupangiwa bajeti, hujaribiwa katika sehemu moja kabla ya kusambazwa. Muda wa kuzungumza ulikuwapo. Wala sheria haikumwacha mfanyakazi hivi hivi. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira kinataka notisi isiyopungua mwezi mmoja kwa chama na kwa afisa wa leba kabla ya watu kupunguzwa kazi, na malipo yasiyopungua ya siku 15 kwa kila mwaka uliotumikiwa. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka huo huo inaruhusu mgogoro wa aina hiyo uripotiwe hata kabla watu hawajaondolewa. Kiongozi anayengoja notisi ya mwezi mmoja ndipo afungue kinywa ameisoma sheria kama mtu anayesoma kiwango cha chini cha kupita mtihani.

Kuhusu mishahara nitasema machache, maana kesi yake inajulikana. Mnamo Juni 2016 Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iliyoketi Kericho, chini ya Jaji Njagi Marete, iliwapa wafanyakazi wa majanichai nyongeza ya asilimia 30. Waajiri wakakata rufaa, na Oktoba mwaka huo wachunaji wakagoma. Mabishano juu ya ikiwa asilimia 30 ilikuwa nyingi au haba nayaacha kwa wanauchumi. Ninalolitaka msomaji alitazame ni kalenda: nyongeza yenyewe ilihusu mkataba wa pamoja wa 2014 na 2015. Hukumu ilipotoka, kipindi ilichokihukumia kilikuwa kimekwisha. Pande mbili zilikuwa zikipigania mwaka uliokwisha kufa, na mchunaji alikuwa amekwisha kula, au kukosa kula, kwa mshahara wa zamani.

Hali haikupaswa kuwa hivyo. Mwezi wa Oktoba 1962, kabla hata ya uhuru, Tom Mboya akiwa Waziri wa Leba, serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi walitia sahihi Mkataba wa Mahusiano ya Viwandani, na kiini chake kilikuwa kwamba kila mgogoro uanze kushughulikiwa pale ulipozaliwa. Mboya alikuwa mtu wa vyama. Alijua kuwa lalamiko linalosafiri hunenepa njiani.

Nalo lalamiko la Kericho limesafiri mno. Wachunaji waliodai kuumizwa migongo na uzito wa majani na kazi ya kuinama waliishtaki James Finlay huko Edinburgh, na Novemba 2023 majaji wa rufaa wa Uskochi wakaamua kesi isimamishwe ili njia ya fidia ya Kenya ifuatwe kwanza. Awali ya hapo, wafanyakazi na jamaa zao, jumla yao 218, waliishtaki Unilever mjini London kuhusu ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ambapo makundi ya washambulizi yaliingia katika laini za Kericho yakaua, yakabaka na kupora. Walidai kwamba hatari ile ilitabirika, kwa kuwa wengi wao walitoka katika jamii nyingine na walikuwa wakiishi katikati ya eneo lenye mhemko wa kisiasa. Julai 2018 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ilisema kampuni mama haikuwa na wajibu wa kisheria kwao katika jambo hilo. Mgongo unaouma ni jambo la zahanati ya shamba. Hofu ya uchaguzi ni jambo la mkutano wa kijiji cha shamba, mwezi mmoja kabla ya kura, meneja akiwapo. Ikiwa mambo haya mawili yamehitaji majaji wa Ulaya, basi kuna masikio yaliyoziba karibu zaidi.

Kesi hii ya mwisho inanilazimu niligusie pendekezo ambalo husikika sana katika makongamano yetu, kwamba turudi kwenye mbinu za kiasili. Katiba ya 2010 yenyewe, katika ibara ya 159, inahimiza njia za jadi za kutatua mizozo. Na kwa kweli Wakipsigis wana hazina. Kokwet ni mkutano wa wakazi wa mtaa mmoja, na J. G. Peristiany aliueleza katika kitabu chake cha 1939 kuhusu taasisi za jamii hiyo. Mzee wa kokwet hakuwa hakimu wa kutoa amri. Kazi yake ilikuwa kusikiliza hadi kila mwenye neno aseme, kisha kulitamka lile ambalo mkutano umeelekea kukubaliana. Ni meneja gani leo anayezungumza wa mwisho katika mkutano wake mwenyewe? Mameneja wetu hufungua mkutano, huuendesha, huufunga, na katikati huuliza kama kuna swali. Mbinu hii ya kunena mwisho ingeweza kuchukuliwa kesho asubuhi bila gharama yoyote.

Lakini tusiipokee hazina yote kwa pupa. Kokwet ya jadi ilikuwa ya wanaume. Mwanamke alisemewa, na mgogoro mkubwa kuliko yote mashambani ni wa wanawake. Aidha kokwet ilikuwa ya majirani wa jamii moja, ilhali laini ni za Mkisii, Mjaluo, Mluhya na Mkipsigis ukuta kwa ukuta. Kumpeleka mchunaji wa Kisii mbele ya wazee wa jamii nyingine, hasa baada ya yale ya 2007 na 2008, ni kumpeleka tena ngedere kwa nyani, safari hii akiwa amevaa ngozi ya utamaduni. Tuazime usikivu wa kokwet, na kiti tukiache.

Hapa ndipo ninapowageukia wanachama wenzangu, kwa kuwa lugha inayoweza kukijaza kiti hicho ni Kiswahili, nasi ndio tunaodai kukijua. Mikataba ya pamoja baina ya chama na waajiri huandikwa kwa Kiingereza. Sheria zote nilizozitaja zimeandikwa kwa Kiingereza. Mchunaji hugombana kwa Kiswahili, hutukanwa kwa Kiswahili, hunong'ona kwa Kiswahili, kisha akitaka kushtaki anaambiwa atafsiriwe. Katika shamba moja nisilolitaja nimewahi kuuona utaratibu wa malalamiko umebandikwa vizuri nyuma ya kioo, kurasa mbili za Kiingereza cha mawakili, na kioo kimefungwa kwa kufuli. Ilhali kifungu cha 9 cha Sheria ya Ajira kinamwajibisha mwajiri kuhakikisha kuwa mfanyakazi asiyeielewa lugha ya mkataba wake amefafanuliwa kwa lugha anayoielewa, na ibara ya 7 ya Katiba imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi.

Tafsiri hiyo si kazi ya kubahatisha. Chukulia istilahi tatu tu. Vyombo vyetu vya habari huandika "dhuluma za kimapenzi" kwa kitendo ambacho hakina chembe ya mapenzi ndani yake, na mwanamke anayesoma hivyo anaonyeshwa kwamba lililompata ni aina fulani ya mahaba yaliyopotoka. "Unyanyasaji wa kingono" walau halimdanganyi. Pili, neno "kufutwa" hutumika kwa mfanyakazi aliyeiba na kwa mfanyakazi ambaye kazi yake imechukuliwa na mashine, na hali sheria inawatenganisha kabisa: wa pili hana kosa na ana malipo yake. Wangapi wameondoka mashambani kimya wakiamini wamefukuzwa? Tatu, tumelifanya neno "msuluhishi" kuwa gunia la kila kitu. Mtu anayeteuliwa na Waziri chini ya Sheria ya Mahusiano ya Kazi husaidia pande mbili zipatane ndani ya siku 30, wala hana uwezo wa kuamua. Mchunaji akiambiwa "msuluhishi amekuja" hungoja hukumu, na isipotoka hudhani mtu huyo amenunuliwa. Napendekeza huyu tumwite mpatanishi, na yule mwenye uwezo wa kuamua tumwite mwamuzi.

Wapo wahadhiri watakaosema kuwa chama cha wanafunzi si ofisi ya tafsiri. Nakubali kuwa si ofisi. Lakini kila mwaka tunatafuta mada za tasnifu na miradi, na kila mwaka kuna wenzetu kadhaa wanaorudi likizo Konoin, Litein na Kapsoit kwenye nyumba zinazotazamana na mashamba hayo. Mradi wa kwanza uwe kifungu cha 6 cha Sheria ya Ajira. Ni kifupi, kinatosha ukurasa mmoja wa Kiswahili sanifu chepesi, na kinaweza kusomwa kwa sauti katika muda wa kungoja mzani. Ukurasa huo ubandikwe palepale penye mzani, bila kioo, na chini yake pawe na nambari ya simu ya mtu ambaye si mnyapara.